Mstari wa Kumi na Tatu

Tafakari ya juma. Somo: Marko 10:2–16



Kuna filamu ya Kiirani ya mwaka 2011 ambayo ulimwengu unaijua kwa jina la A Separation. Iliongozwa na Asghar Farhadi, na mwaka uliofuata ikawa filamu ya kwanza kutoka Iran kupata tuzo ya Oscar. Inaanza na mume na mke wameketi mbele ya hakimu mjini Tehran. Hakimu hatumwoni. Kamera imekaa pale alipoketi yeye, hivyo Nader na mkewe Simin wanatutazama sisi na kutuletea sisi shauri lao. Simin anataka wahame nchi, na muda wa kibali cha kusafiri unakaribia kwisha. Nader hawezi kumwacha baba yake mzee, ambaye ugonjwa umemwondolea kumbukumbu kiasi cha kutomtambua mwanawe. Kila mmoja ana hoja, na hoja zote mbili ni nzito. Anayegombewa ni Termeh, binti yao wa miaka 11, na yeye hayupo chumbani.

Kilichonishika katika filamu hii ni kazi anayoifanya yule binti. Mama anapochukua sanduku lake na kwenda kwa mama yake mzazi, Termeh anabaki kwa baba. Baba anaona amependwa zaidi. Mama anaumia kwa kudhani hivyo hivyo. Kumbe mtoto amepiga hesabu yake kimya kimya: anajua mama hawezi kuondoka nchini bila yeye, basi yeye akibaki kwa baba, mama hataenda mbali. Amejichimbia katikati kama kigingi cha hema, kamba zinamvuta huku na huku, naye hasogei kwa kuwa akisogea hema litaanguka. Baadaye mambo yanazidi kuwa magumu. Nader anashtakiwa kwamba alimsukuma mfanyakazi wa nyumbani aliyekuwa mjamzito, mimba ikaharibika, na mahakama inataka kujua jambo moja: je, alijua kwamba mama yule ana mimba? Alijua. Termeh amemhoji mwenyewe nyumbani, na baba amekiri mbele yake. Kisha hakimu anamuuliza mtoto, na mtoto anamdanganya hakimu ili baba yake asifungwe. Binti aliyelelewa kusema kweli anatoa ukweli wake sadaka ili nyumba isimalizike kuvunjika. Hakuna mtu aliyemtuma. Watoto wa namna hii hawahitaji kutumwa.

Mwishoni wanarudi mahakamani, na hakimu anamuuliza Termeh atakaa na nani. Anajibu kwamba ameshaamua. Anaulizwa kama angependa wazazi wake wasubiri nje. Anakubali. Wazazi wanatoka, wanakaa kwenye korido kila mmoja upande wake, na filamu inaishia hapo. Hatusikii jibu. Wapo wanaolalamikia mwisho huo, lakini mimi naona mwongozaji alitenda haki, maana jibu lolote lingetufanya tuanze kuhesabu nani ameshinda, na hapo tungemsahau aliyeulizwa. Katika 1 Wafalme 3, Mfalme Sulemani alipoletewa mtoto anayegombewa aliwapima wale wanawake wawili. Mtoto hakubebeshwa lolote. Pale Tehran anayepimwa ni mtoto.

Na si Tehran peke yake. Hapa Tanzania, Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 125, inaitaka mahakama itangulize ustawi wa mtoto, na izingatie matakwa yake kama amefikia umri wa kutoa maoni yake mwenyewe. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 7 inachukulia kwamba ni heri akae na mama, isipokuwa ikithibitishwa vinginevyo. Ni sheria njema. Mtoto ana haki ya kusikilizwa. Lakini kumsikiliza ni jambo moja, na kumwachia achague yupi kati ya wawili anaowapenda atakayeumia ni jambo jingine kabisa. Mambo haya mawili tunayachanganya: wazazi, wazee wa ukoo, na sisi wachungaji pia.

Sasa fungueni Marko 10. Mafarisayo wanamjia Yesu na swali la talaka, wanamtaja Musa na hati ya kuachana, Yesu anawarudisha kwenye mwanzo wa uumbaji. Wakiwa nyumbani wanafunzi wanamuuliza tena, naye anawajibu kwa ukali zaidi. Hayo ni mistari ya 2 hadi 12, na karibu kila mahubiri ya ndoa niliyowahi kuyasikia yanaishia hapo. Biblia inafungwa. Lakini Marko hakufunga. Mstari wa 13 unaendelea pale pale: watu wanamletea watoto wadogo ili awaguse, wanafunzi wanawakemea. Yesu anachukizwa. Anaagiza watoto waachwe waje, anawakumbatia, anaweka mikono juu yao na kuwabariki. Mathayo naye, katika sura ya 19, anafuata mpangilio huo huo: kwanza talaka, kisha watoto. Kalenda ya masomo ya ndugu zetu Wakatoliki ina dominika moja ambayo somo hili linaweza kusomwa kwa kirefu hadi mstari wa 16, au kwa kifupi na kuishia wa 12. Nawasihi wote wenye kuchagua, wasome kwa kirefu.

Sidai kwamba Marko aliwaza watoto wa talaka alipoandika. Ninachosema ni kwamba watu wazima walikuwa bado na moto wa mabishano yao, nani ana haki ya kumwacha nani, na watoto wakafika mlangoni, na wanafunzi wa Yesu wenyewe, watu wema, wakaona hawa wanaingilia mazungumzo ya maana. Jambo hilo linatokea kwetu kila wiki. Nimeketi kwenye mabaraza ya usuluhishi wa ndoa. Tunauliza mahari ilitolewa kiasi gani, nyumba imeandikwa jina la nani, nani alianza kulala nje, nani alimtukana mama mkwe. Yote yanaandikwa. Watoto wanaingia kwenye karatasi zetu kama idadi: wana watoto watatu, wa kwanza yuko darasa la sita. Kisha tunaendelea na kiwanja.

Ndiyo maana naleta filamu kwenye tafakari ya juma hili. Filamu nzuri hufanya kitu ambacho baraza letu halifanyi: hukaa na uso wa mtoto kwa saa mbili na kukataa kuangalia pembeni. Hizi nitakazozitaja zimetoka mbali, Iran, Marekani, Urusi na Ufaransa, na maisha yake si ya kwetu. Huko hakuna wajomba wanaokuja na basi la usiku kusikiliza kesi, wala mtoto hapelekwi kijijini kwa bibi mambo yakiharibika. Lakini swali la mtoto aliye ndani yake mtalitambua.

Katika Kramer vs. Kramer ya mwaka 1979, Joanna anaondoka nyumbani New York na kumwacha mumewe Ted na kijana wao Billy. Usiku mmoja, baada ya baba na mtoto kukosana vibaya juu ya chakula na aiskrimu, Billy anamuuliza baba yake kama mama aliondoka kwa sababu yeye Billy alikuwa mtoto mbaya. Justin Henry, aliyemwigiza Billy, alikuwa na miaka 8 alipopendekezwa kwa tuzo ya Oscar kwa uigizaji huo, na hakuna mwigizaji aliyewahi kupendekezwa akiwa mdogo kuliko yeye. Ukisikiliza jinsi anavyouliza utaelewa kwa nini. Halii ili ahurumiwe. Anauliza kama mtu ambaye ameshajihukumu na sasa anataka tu hukumu ithibitishwe. Baba anamjibu kwamba sivyo, kwamba mama aliondoka kwa sababu yeye, baba, alijaribu kwa muda mrefu kumgeuza awe mke wa aina fulani, na hakumsikiliza. Ni jibu la kiume kwa maana bora ya neno hilo. Halimchafui mama, na linamtua mtoto mzigo ambao hakuna aliyejua ameubeba.

Nina neno moja na filamu hiyo, nisilipite. Mama ndani yake amepewa nafasi ndogo mno. Meryl Streep, aliyemwigiza, aliyaandika upya mwenyewe maneno ya ushahidi wake mahakamani ili mwanamke yule asiwe kivuli tu, na bado watazamaji wengi hutoka wakiwa wamemhukumu. Katika sharika zetu mwanamke anayeondoka huhukumiwa kabla hajafika stendi. Mtoto wake anasikia hukumu hizo zikitolewa na shangazi, na majirani, na wakati mwingine na kwaya, naye damu yake nusu ni ya huyo anayehukumiwa.

Zipo filamu ambazo watoto wanazipenda kwa sababu zinasema wanachokiomba usiku. Mwandishi Mjerumani Erich Kästner alitoa mwaka 1949 kitabu cha watoto kuhusu mapacha waliotenganishwa na talaka, mmoja akalelewa na baba na mwingine na mama, wakakutana kambini na kubadilishana nafasi. Marekani wamekitengenezea filamu iitwayo The Parent Trap, mwaka 1961 na tena mwaka 1998, na katika zote mbili wazazi wanarudiana kwa hila za mabinti zao. Inachekesha na inapendeza. Hata hivyo nisingemwonyesha mtoto ambaye wazazi wake wameachana mwaka huu bila mtu mzima kukaa karibu naye, kwa sababu filamu hiyo inampa kazi: ukiwa na akili ya kutosha, ukipanga vizuri, watarudiana. Wasiporudiana, basi hukuwa na akili ya kutosha. Nafuu ni Mrs. Doubtfire ya mwaka 1993. Baba aliyeruhusiwa na mahakama kuwaona wanawe watatu Jumamosi tu anajigeuza bibi mzee na kuajiriwa kama yaya wao. Ni vichekesho tangu mwanzo, lakini mwishoni wazazi hawarudiani. Watoto wanabaki na mama anayewapenda na baba anayewapenda, katika nyumba mbili, na filamu inathubutu kumwambia mtoto kwamba hiyo nayo ni familia.

Steven Spielberg amesema mara kadhaa kwamba E.T. ya mwaka 1982 ilichipuka kutoka kwenye talaka ya wazazi wake mwenyewe. Wengi wetu tunaikumbuka kwa kile kiumbe kutoka nyota za mbali na baiskeli zinazopaa. Mimi ninaikumbuka kwa dakika moja hivi kwenye gereji. Baba wa Elliott ameenda Mexico na mwanamke mwingine. Elliott na kaka yake Michael wanatafuta vifaa kwenye gereji, wanakuta shati la baba, wanalinusa na kujaribu kukumbuka ni manukato gani yale. Hawamsifu, hawamlaani. Wanamkosa tu. Katika nyumba zetu, baba akishaondoka, au mama akishafukuzwa, vitu vyake huchomwa, huuzwa, hupewa wapita njia, na picha za arusi hukatwa nusu kwa mkasi. Najua hasira inayofanya hivyo, na wakati mwingine ni hasira ya haki. Lakini mwachieni mtoto shati. Mwachieni picha moja. Kumkumbuka mzazi aliyekosea si usaliti kwa mzazi aliyebaki, na mtoto akilazimishwa kumkosa mtu kwa siri atajifunza kuficha na mengine.

Nilisita kuandika juu ya Loveless, filamu ya Andrey Zvyagintsev wa Urusi ya mwaka 2017, kwa kuwa ni nzito na si ya kutazamwa na watoto. Zhenya na Boris wanaachana. Kila mmoja ameshapata mpenzi mpya, na kijana wao Alyosha, wa miaka 12, haingii katika maisha mapya ya yeyote kati yao. Usiku wanagombana jikoni. Hawagombani nani amchukue mtoto. Wanagombana nani asimchukue, na shule ya bweni inatajwa. Mama anatoka, anaingia msalani, anarudi, anauvuta mlango, na nyuma ya mlango alikuwa amesimama Alyosha muda wote huo. Uso wake umepasuka kwa kilio, kinywa wazi, na hakuna sauti. Mama hamwoni. Sisi tunamwona. Baada ya hapo mtoto anatoweka, na shule ndiyo inayopiga simu kuuliza yuko wapi, kwa maana wazazi wote wawili walikuwa kwa wapenzi wao. Sehemu kubwa ya filamu iliyobaki ni watu wa kujitolea wanaopita msituni na kwenye majengo yaliyoachwa wakiliita jina lake.

Someni tukio lile, kisha someni Mwanzo 21. Mambo ya nyumba ya Ibrahimu yameharibika. Sara hataki tena kumwona Hajiri wala mwanawe, neno hilo linamwuma sana Ibrahimu kwa ajili ya mtoto, na bado asubuhi na mapema anampa Hajiri mkate na kiriba cha maji na kumwacha aende. Tukihesabu kwa miaka inayotajwa katika Mwanzo, Ishmaeli alikuwa na miaka 14 Isaka alipozaliwa, na haya yanatokea baada ya Isaka kuachishwa ziwa. Ni kijana wa umri wa kipaimara. Anaelewa kila kitu. Maji yanakwisha katika nyika ya Beer-sheba, mama anamlaza chini ya kichaka, anaenda kukaa mbali kwa sababu hawezi kumtazama mwanawe akifa, na anapaza sauti na kulia. Tunaambiwa kwamba mama alilia. Juu ya kilio cha kijana, Maandiko hayajasema neno. Halafu mstari wa 17 unasema kwamba Mungu aliisikia sauti ya kijana. Mama alikuwa amepaza sauti, na aliyesikiwa ni yule tuliyedhani yuko kimya.

Nimekaa na mstari huo muda mrefu. Sielewi njia zote za Mungu katika sura ile, na sitaki kumfunika Ibrahimu kwa maneno laini. Lakini naamini hivi: Mungu wetu anasimama nyuma ya ule mlango pamoja na Alyosha. Na malaika anapomwita Hajiri hampi kwanza maji. Anamwambia ainuke, amwinue kijana, amshike mkono. Baada ya kuambiwa hivyo ndipo macho yake yanafumbuliwa na kukiona kisima. Mama ambaye mwenyewe amekwisha nguvu anarudishwa karibu na mwanawe, na Mungu hamkaripii kwa kukaa mbali. Nawaandikia kina mama na kina baba ambao talaka imewaacha hoi kiasi kwamba jioni hamuwezi kumtazama mtoto usoni kwa sababu anafanana na yule aliyeondoka. Sogeeni karibu. Hamhitaji kuwa na la kusema.

Hadithi ya nyumba ile haikuishia nyikani. Mwanzo 25:9 inasema kwamba Ibrahimu alipokufa, Isaka na Ishmaeli, wanawe, walimzika katika pango la Makpela. Wote wawili. Hatuambiwi nani alipeleka habari, wala kama Ishmaeli alikaa kimya njia nzima au alilia. Kwetu pia ndugu wa baba mmoja na mama tofauti mara nyingi hukutana msibani kwa mara ya kwanza, wakitazamana puani na kwenye paji la uso kumtafuta marehemu. Wangeweza kukutana mapema zaidi. Nani anawazuia, kama si sisi?

Nimefika kwenye jambo ambalo nalijali kuliko yote, na nitalisema bila kulizungusha. Xavier Legrand wa Ufaransa ana filamu ya mwaka 2017 iitwayo Jusqu'à la garde. Inaanza ofisini kwa jaji. Wazazi wameketi na mawakili wao, na jaji anasoma maelezo yaliyotolewa na Julien, kijana wao mdogo, kwamba hataki kumwona baba yake na anamwogopa. Wakili wa baba anasema mtoto amefundishwa na mama. Jaji ana dakika chache, mbele yake kuna maneno dhidi ya maneno, na anaamua kumpa baba siku zake za mwisho wa juma. Kuanzia hapo tunakaa na Julien ndani ya gari la baba. Baba anataka kujua mama amehamia wapi. Mtoto anadanganya. Anadanganya tena, anatajiwa vitisho, anatafuta uongo mwingine, na kila uongo unamgharimu, kwa kuwa anajua kile ambacho baba atakifanya akipajua. Mtoto amegeuka mlinzi wa mama yake. Mwishoni baba anafika usiku na bunduki, na mama na mwana wamejificha kwenye beseni la kuogea huku risasi zikipenya mlango. Wanaokoka kwa sababu bibi kizee jirani alisikia kishindo akapiga simu polisi.

Ndugu wachungaji na wazee wa kanisa, mama wa Julien angekuja kwetu tungemwambia nini? Tungemwambia avumilie, apige magoti, afunge siku tatu, na tungemsomea Malaki 2:16 kwamba Mungu anachukia kuachana. Mstari huo huo haujaishia hapo. Unaendelea kumtaja mtu anayelifunika vazi lake kwa udhalimu, na chuki ya Bwana iko juu yake pia. Tumesoma nusu ya mstari kwa muda mrefu, na nusu ile imewarudisha wanawake na watoto kwenye nyumba ambazo hawakupaswa kurudi. Mimi nafundisha, na nitaendelea kufundisha, kwamba ndoa ni agano na si mkataba wa pango. Kwa sababu hiyo hiyo nasema kwamba mtu anayempiga mkewe mbele ya watoto ameshalivunja agano kwa mikono yake, na anayekimbia na watoto usiku hakimbii ndoa. Mtoto akisema anamwogopa baba, asiitwe mbele ya baba kuulizwa kama ni kweli. Aitwe afisa ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto polisi, na kanisa lisimame upande wa mtoto mpaka ijulikane.

Nyumba nyingi zilizovunjika, hata hivyo, hazina bunduki. Zina watu wawili waliochoka na mtoto anayetumwa. Katika The Squid and the Whale, filamu ya Noah Baumbach ya mwaka 2005 kuhusu familia ya Brooklyn, watoto wanagawanywa kwa siku za juma, na paka naye anagawanywa. Mkubwa wao, Walt, anakuwa wakili wa baba, anarudia maneno ya baba hata juu ya vitabu ambavyo hajavisoma. Ninao akina Walt usharikani. Ninao pia wengine ambao filamu hizo haziwajui: mtoto anayetolewa darasani kwa ajili ya ada na kuambiwa na mama aende kazini kwa baba akaidai. Anafika getini na sare yake, mlinzi anamfahamu, wafanyakazi wanamtazama, baba anatoka na uso wa hasira na kumwambia amwambie mama yake kwamba hana hela. Mtoto anarudi na jibu. Amebeba ombi, amebeba aibu, amebeba tusi, na hajala mchana.

Siku hizi hela inatumwa kwa simu. Ada inaweza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya shule bila wazazi kuonana wala kusikiana sauti. Nawaomba, mlioachana na mnaosoma hapa, msimtume mtoto tena, iwe ni ada, iwe ni taarifa ya msiba, iwe ni kuuliza kama baba ana mwanamke mwingine. Mkishindwa kuzungumza, mtumieni mshenga wenu wa zamani, au wasimamizi wenu wa ndoa. Walikula pilau ya arusi, wana deni. Wakishindwa, nitumieni mimi. Na wale mnaowaambia watoto kwamba baba amesafiri, miaka minne sasa amesafiri, waambieni ukweli kwa kipimo cha umri wao, na muwaambie waziwazi, kwa maneno na si kwa kudhani wanajua, kwamba hawakusababisha. Billy alihitaji kuambiwa. Watoto wenu wanahitaji kuambiwa zaidi ya mara moja, kwa kuwa swali lenyewe hurudi kila wanapokua kidogo.

Upande wetu wa kanisa, baraza la wazee limekubali mambo machache. Fomu ya kipaimara haitadai tena saini ya baba na mama wote wawili. Mlezi anayemlea mtoto anatosha, na kama ni bibi, basi ni bibi. Jumapili ya Familia hatutawaita watoto wasimame mbele wakiwa katikati ya wazazi wao. Kila mtoto ataketi na yeyote aliyemleta, na tutasoma Marko 10 kuanzia mstari wa 2 hadi wa 16. Kwenye baraza la usuluhishi, kabla ya kuuliza habari za kiwanja, tutauliza majina ya watoto, na kila mmoja analala wapi, na nani anamsaidia kazi za shule.

Alhamisi alasiri, baada ya shule, nitakuwa ofisini na mwalimu wa shule ya Jumapili. Mtoto yeyote anaweza kuja, peke yake au na rafiki. Kutakuwa na chai na maandazi. Hataulizwa nani alikosea, wala atakaa na nani.